Marseille, Mji wa Mlango wa Bahari

Katika pwani ya kusini ya nchi ya Ufaransa, kando ya Bahari ya Mediterania, uko mji mkubwa wa bandari uitwao Marseille. Wafaransa hulitamka jina hilo "Marsei". Ukilisoma kama lilivyoandikwa, wenyeji watakuuliza wataka kwenda wapi. Wakazi wake wapata 870,000, na katika Ufaransa yote ni Paris peke yake upitao mji huu kwa wingi wa watu. Lakini kwa umri Marseille ndio mkubwa. Mabaharia Wayunani waliotoka Phocaea, mji wa Asia Ndogo, waliujenga yapata miaka 600 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Basi mji huu ulikuwa umekwisha timiza miaka zaidi ya mia sita wakati Mtume Paulo alipovunjikiwa na merikebu penye kisiwa cha Malta, katika bahari iyo hiyo.

Mimi nilikaa Marseille siku mbili tu, nikiwa njiani kurudi nyumbani kutoka katika mkutano wa walimu. Siku mbili hazitoshi kuujua mji, wala sitajisingizia kwamba naujua. Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na niliyoyasoma kabla na baada ya kufika.

Gari la moshi hufikia katika stesheni iliyo juu ya kilima. Ukitoka mlangoni wajikuta juu ya ngazi kubwa ya mawe meupe yenye vidato 104. Nikasimama pale na mkoba wangu, nikatazama chini. Mbele yangu mapaa ya vigae vyekundu yalishuka mpaka baharini. Na mbali, ng'ambo ya mji, juu ya kilima kirefu kuliko vyote, niliona kanisa lenye mnara, na juu ya mnara sanamu ya dhahabu iking'aa katika jua. Ilikuwa mwanzo wa Februari. Jua lilikuwa kali, lakini upepo ulinikata masikio. Upepo huo huitwa mistral. Hutoka kaskazini, ukapita katika bonde la mto Rhône kama maji yapitavyo katika mfereji, na ufikapo pwani huwa na nguvu za kumyumbisha mtu. Wenyeji huulalamikia, kisha husema kwamba ndio ufagiao mbingu yao. Na kweli sijaona mbingu ya samawati kama ile.

Nikashuka kwa barabara pana iitwayo Canebière, nikafika Bandari ya Kale. Pale maji ya bahari yameingia ndani ya nchi kama kidole, na nyumba zimeyazunguka pande tatu. Upande wa nne ni mlango wa bahari, nao ni mwembamba, una ngome mbili, moja kuume na moja kushoto. Ngome ya kusini, iitwayo Saint-Nicolas, iliamriwa na mfalme Louis wa Kumi na Nne katika mwaka 1660, na mizinga yake haikuelekezwa baharini tu. Iliweza kuupiga mji wenyewe, kwa sababu watu wa Marseille walikuwa wamemwasi. Tangu zamani hawa ni watu wasiopenda kuamriwa.

Jambo moja lilinishangaza kuliko ngome. Nilikwenda bandarini asubuhi, nikarudi adhuhuri, nikarudi tena jioni. Maji yalikuwa pale pale ukutani. Hakuna kupwa wala kujaa! Kwetu pwani mtoto wa miaka mitano ajua kwamba bahari huondoka ikarudi, na wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda yapata mita nne. Katika Bahari ya Mediterania maji hupanda na kushuka kiasi cha shibiri moja au mbili tu, maana bahari hiyo imefungwa pande zote, isipokuwa mlango wake mdogo wa magharibi karibu na Hispania. Kwa hiyo mashua hufungwa ukutani bila hofu ya kuachwa juu ya matope, na mtu aweza kujenga nyumba yake karibu kabisa na maji. Tena bahari ya Marseille ndiyo kipimo cha Ufaransa. Mwaka 1885 wakaanza kuupima usawa wake kwa mtambo, na tangu kumalizika kwa kazi hiyo urefu wa milima ya Ufaransa huhesabiwa kuanzia alama iliyowekwa hapo.

Asubuhi wavuvi huleta samaki kwa mashua ndogo, na wake zao huwauza hapo hapo gatini, juu ya meza zenye beseni za maji. Wengine wa samaki hao wangali hai na kurukaruka. Kelele zake ni kelele za diko lo lote duniani. Mwanamke mmoja alinikemea kwa kumgusa samaki bila kununua. Maneno yake sikuyaelewa, lakini maana yake niliielewa vema, kwa kuwa mama yangu mdogo alikuwa muuza samaki. Chakula kikuu cha mji ni mchuzi wa samaki uitwao bouillabaisse. Hapo kwanza kilikuwa chakula cha wavuvi maskini: samaki wazuri waliuzwa, na wale wenye miiba mingi wasiotakiwa na mtu walitiwa chunguni pamoja na vitunguu, nyanya, mafuta ya zeituni na zafarani. Siku hizi matajiri wamekionja, na bei yake katika mahoteli yamzuia mwalimu asikionje. Nilikula mkate na dagaa wa kukaanga, nikashiba.

Mashua za raha ndizo zijazazo Bandari ya Kale sasa. Merikebu kubwa zilihamia kaskazini ya mji katikati ya karne ya kumi na tisa, mahali paitwapo La Joliette, ambapo mpaka leo hutoka meli za abiria ziendazo Corsica. Na meli za mafuta na za makontena hutia nanga Fos, yapata kilomita 50 upande wa magharibi. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam ukaona kontena la samawati lenye herufi CMA CGM, ujue kwamba makao makuu ya wenye meli hizo yako Marseille.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, mji huu ukawa karibu nasi. Kabla ya hapo merikebu za Ulaya zilizunguka Afrika nzima ili kufika Unguja. Baada ya hapo zikapita Bahari ya Sham. Mapadre Weupe wa kwanza waliopelekwa kwenye maziwa makuu walipanda merikebu katika Marseille mwezi wa Aprili 1878, wakafika Unguja mwishoni mwa Mei, wakavuka Bagamoyo, wakaanza safari ya miguu ya kwenda bara. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alikuwa mmoja wao. Nikiwa nimesimama gatini niliwafikiri vijana wale, maana wengi hawakuliona gati lile mara ya pili.

Lakini nyumba niliyotaka kuiona kuliko zote ni ndogo, na wageni wengi huipita bila kuigeukia. Iko kando ya maji, chini ya ngome ya Saint-Jean, upande wa kaskazini wa mlango wa bandari. Ilijengwa mwaka 1719, nayo ilikuwa ofisi ya afya ya bandari. Ili mfahamu kazi yake, sharti nieleze desturi za zamani.

Bandari ni mlango. Mlango uingizao ngano na hariri huweza kuingiza mauti pia, na watu wa Mediterania walilijua jambo hilo mapema, kwa sababu tauni iliwaua mara nyingi. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo waitwa Dubrovnik, uliamuru wageni watokao penye ugonjwa wakae mbali siku thelathini kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa arobaini, na ndiyo asili ya neno karantini, maana kwa Kiitalia arobaini ni quaranta. Huko Marseille sheria ilikuwa hivi. Kila nahodha atokaye nchi za mashariki alichukua hati kutoka kila bandari aliyopita. Hati hizo zilikuwa za namna tatu: safi, ikiwa bandari haina ugonjwa, ya shaka, ikiwa kuna habari za ugonjwa karibu, na chafu, ikiwa ugonjwa upo. Merikebu ilitia nanga kisiwani, mbali na mji. Nahodha akaja kwa mashua mpaka mbele ya ofisi, lakini hakuruhusiwa kukanyaga nchi. Aliulizwa maswali akiwa chini katika mashua yake, akajibu kwa sauti kuu, na hati zake zilitiwa katika siki kabla ya kusomwa. Kisha wakuu wa afya waliamua. Abiria na bidhaa wakapelekwa lazareti, mahali penye kuta ndefu nje ya mji. Na ikiwa mashaka ni makubwa, merikebu na shehena yake vikapelekwa kisiwa cha Jarre kisicho na watu, marobota yakafunguliwa yapigwe na upepo na jua.

Sheria ilikuwa njema. Sikilizeni sasa jinsi ilivyovunjwa.

Tarehe 25 Mei 1720 merikebu iitwayo Grand Saint-Antoine ilifika Marseille ikitoka nchi ya Sham. Nahodha wake alikuwa Jean-Baptiste Chataud. Ilikuwa imejaa hariri na marobota ya pamba ya thamani kubwa mno, na mzigo huo ulitazamiwa kuuzwa katika mnada mkubwa wa Beaucaire mwezi wa Julai. Njiani abiria mmoja alikufa, kisha mabaharia kadhaa, kisha tabibu wa merikebu mwenyewe. Nahodha akajitenga katika tezi, akawa akitoa amri zake kutoka huko. Alipopita Livorno, bandari ya Italia, alikataliwa kuingia, akapewa cheti kilichosema ya kwamba watu wake walikufa kwa homa mbaya.

Siku mbili baada ya kufika Marseille, baharia mwingine akafa. Tabibu wa bandari akautazama mwili, akasema haoni dalili ya tauni. Wakuu wa afya wakaamuru kwanza sehemu ya shehena ipelekwe Jarre. Baada ya siku chache wakabadili amri yao, bidhaa zote zikaruhusiwa kushushwa katika lazareti, karibu kabisa na mji. Kwa nini walibadili? Wakuu hao walikuwa wafanyi biashara, na mmoja wa wakuu wa mji, Jean-Baptiste Estelle, alikuwa na sehemu yake katika shehena ile. Wenye kuandika historia wangali wakishindana ni nani hasa alaumiwe, tena Estelle huyo baadaye hakukimbia, alikaa na watu wake wakati wa msiba. Mimi nasema tu kwamba mtu asifanywe mwamuzi wa mzigo ulio wake.

Makuli waliofungua marobota wakaanza kufa. Tabibu yule akasema ni ugonjwa wa kawaida. Yadhaniwa kwamba vitambaa vilitolewa kwa siri juu ya ukuta wa lazareti, vikauzwa mjini kwa bei rahisi. Tarehe 20 Juni mwanamke mmoja akafa katika mtaa mwembamba wa watu maskini, ana alama nyeusi mdomoni. Wakuu wakanyamaza, kwa maana mji ukitangazwa kuwa na tauni hakuna merikebu itakayokuja tena. Wakawaondoa wagonjwa usiku. Mwezi wa Julai ukapita hivyo, na tarehe 31 baraza kuu la jimbo likawakataza watu wa Marseille kutoka nje ya mipaka yao, na adhabu ya kuvuka ikawa kifo.

Katika Agosti watu walikufa mamia kwa siku, na mwisho wa mwezi yasemwa kuwa walifikia elfu. Hakuna aliyejua sababu. Watu walidhani ugonjwa umo katika hewa, basi kwa shauri la waganga wakawasha mioto katika njia zote siku tatu mfululizo. Wakamaliza kuni za mji, wasipate faida ila moshi na joto. Sisi leo twajua walilokuwa hawalijui. Mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin aliuona mdudu wa tauni kwa darubini huko Hong Kong, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akatambua huko Karachi ya kwamba viroboto wa panya ndio wauchukuao. Kiroboto hukaa kwa raha ndani ya robota la pamba. Na dawa za siku hizi huponya tauni kama mgonjwa akiwahi kutibiwa. Asipowahi, huua kama ilivyoua zamani, maana haijatoweka duniani. Madagascar na Kongo huonekana mpaka sasa.

Wafungwa waliokuwa wakivuta makasia katika merikebu za mfalme waliahidiwa uhuru kama wakiwaondoa maiti. Watu wa mji wakawaita "kunguru". Mamia yao walitolewa, na waliopona kuupata uhuru ule walikuwa wachache sana. Karibu na bahari palikuwa na uwanja uitwao La Tourette, na juu yake maiti wapata 1,200 walikuwa wamelala juani majuma kadhaa, hata hakuna aliyethubutu kupakaribia. Tarehe 16 Septemba Nicolas Roze, mfanyi biashara aliyepata kuwa askari, alikwenda huko na kundi la askari na wafungwa. Alikuwa amegundua ya kuwa minara miwili ya kale kando ya uwanja ilikuwa mitupu ndani, akaitoboa kwa juu. Yasimuliwa kwamba wafungwa walisitasita, ndipo yeye akashuka juu ya farasi wake, akamshika maiti wa kwanza mguu, akamkokota mwenyewe. Wakamfuata. Maiti wote wakatupwa ndani ya minara, wakafunikwa kwa chokaa. Karibu wote waliofanya kazi ile walikufa. Roze aliugua, akapona.

Askofu Belsunce pia alikataa kuukimbia mji. Alipita njiani kati ya wagonjwa akiwaungamisha na kuwagawia fedha, na mapadre wengi waliokuwa pamoja naye wakafa. Tarehe 26 Septemba, kwa amri iliyotoka Paris, merikebu Grand Saint-Antoine ilichomwa moto penye kisiwa cha Jarre. Kufikia wakati huo amri hiyo haikumsaidia mtu. Tauni ilipokwisha mji ulikuwa umepoteza karibu nusu ya watu wake: katika watu 90,000 walikufa kati ya 40,000 na 50,000, bila kuhesabu wale wa miji na vijiji vya jirani. Nahodha Chataud alifungwa katika ngome ya kisiwa cha If, hata mwaka 1723 akaachiliwa. Mwaka 1978 wapiga mbizi waliyaona mabaki ya merikebu yake chini ya maji, mahali pale ilipochomwa.

Nilikwenda La Tourette jioni. Ni uwanja mweupe juu ya bahari, na watoto walikuwa wakicheza mpira, upepo ukiwachukulia mpira wao kila mara.

Siku yangu ya pili ilikuwa tarehe 2 Februari, sikukuu ya Bwana kutolewa Hekaluni. Nikaamka usiku. Kabla ya mapambazuko watu wengi hukusanyika Bandari ya Kale, wakafanya maandamano mpaka kanisa la kale la Saint-Victor, wameshika mishumaa ya rangi ya kijani. Chini ya kanisa hilo kuna makaburi ya Wakristo wa karne za kwanza. Baada ya Misa Askofu hulibariki joko la mikate lililo karibu, lililoanza kazi mwaka 1781, na watu hupanga safu kununua vibiskuti vigumu vyenye umbo la mtumbwi na harufu ya maua ya machungwa. Wenyeji hueleza kwamba mtumbwi ule ni ukumbusho wa chombo kilichomleta Lazaro na dada zake mpaka nchi hii baada ya kupaa kwa Bwana wetu. Hiyo ni hadithi ya wazee, si Maandiko. Lakini inaonyesha mawazo ya watu hawa, kwamba hata imani yao iliingia kwa mlango wa bahari. Jino langu moja liliumia kwa kibiskuti kile.

Nilikusudia kuvuka kwenda visiwa vya Frioul, kulikokuwa na karantini ya merikebu, lakini mistral ilizidi na mashua hazikuondoka. Basi nikapanda kilima cha kanisa lenye sanamu ya dhahabu, ambalo ni Mama Yetu Mlinzi, Notre-Dame de la Garde. Wenyeji humwita kwa ufupi "Mama Mwema", na hata wasiosali humwita hivyo. Kanisa lilibarikiwa mwaka 1864, na sanamu, yenye urefu wa mita 11, iliwekwa miaka michache baadaye. Ndani merikebu ndogo za mbao zimetundikwa darini kwa kamba, na kuta zimejaa vibao vya shukrani vya watu waliookoka: huyu katika tufani, huyu katika ugonjwa, huyu vitani. Vita pia viliupata mji huu. Mwanzo wa mwaka 1943 Wajerumani waliwafukuza watu zaidi ya 20,000 katika mtaa wa kale ulio kando ya bandari, wakabomoa kwa baruti nyumba zao wapata 1,500. Mji ulikombolewa mwezi wa Agosti 1944, na wengi katika askari waliopanda kilima hiki wakipigana walikuwa watu wa Algeria na Moroko.

Nje ya kanisa, penye ukuta uelekeao bahari, alikuwapo mzee mmoja amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono. Kofia ile niliijua. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

Akageuka upesi. "Marahaba, mwanangu! Watoka wapi wewe?"

Alikuwa Mngazija, aliyelelewa Unguja katika utoto wake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Katika ujana wake alifanya kazi katika chumba cha mitambo cha meli zilizokuwa zikipita Mombasa na Bukini. Mabaharia wa Komoro ndio waliotangulia, kisha jamaa zao wakafuata, na leo watu wenye asili ya Komoro katika Marseille ni makumi ya maelfu. Nikamwuliza kama yeye Mwislamu hupanda kilima cha kanisa. Akacheka. "Hapa ndipo bahari yaonekana yote," akasema.

Akanionyesha visiwa kimoja kimoja kwa fimbo yake: If, kisha Frioul, kisha akaelekeza fimbo upande wa kusini, iliko Jarre. Nikamwambia niliyoyasoma juu ya merikebu ile. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia habari za mwaka 2020. Mwezi wa Machi serikali ilifunga nchi yote kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kila aliyetoka nyumbani sharti achukue hati yenye jina lake, saa yake na sababu yake. "Mimi nilizoea hati za meli," akasema, "lakini sijapata kuchukua hati ya kwenda kununua mkate."

Kisha akasema, "Sisi mtu wetu akifa huku, twachanga fedha, twampeleka kwao azikwe na wazee wake. Ndiyo desturi. Mwaka ule ndege hazikwenda. Rafiki yangu tuliyekuwa pamoja melini miaka kumi na mmoja alikufa Aprili. Hatukuruhusiwa kuwa wengi kaburini. Kalala huku." Akaelekeza fimbo upande wa mji, wala hakusema mahali gani.

Sikujua la kumjibu. Nikampa vibiskuti vyangu vilivyobaki, akavipokea kwa mikono miwili, akasema hana meno ya kuvila, ila wajukuu wanayo.

Chini yetu meli nyeupe ya abiria ilikuwa ikitoka bandarini, ikapiga honi mara moja. Mzee akatazama saa yake. "Hiyo ya Algiers," akasema, "imechelewa leo." Tukasimama kuitazama mpaka ikapita visiwa, nami nikashuka mbio kuwahi gari la moshi.